Mke wangu hajui magari, lakini anakataa nilipie waranti

*Asalaam aleykum Shangazi, na shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Chuda hapa Tanga. Mwezi uliopita nimenunua Range Rover Sport ya mwaka 2012 iliyotoka Japani. Ni safi kabisa, ila asubuhi huwa imelala kidogo mbele, nikiwasha inanyanyuka yenyewe. Muuzaji wa Dar ananipa waranti ya nyongeza ya miaka miwili kwa shilingi 4,800,000, mwisho Ijumaa hii. Picha za karatasi yake nimekutumia. Bima kubwa ninayo, ila muuzaji anasema bima hailipii injini ikichoka. Nilimwomba mke wangu atoe mgao wake wa kikoba nilipie. Akaichukua ile karatasi, akakaa nayo usiku kucha, asubuhi akasema hatoi hata mia. Nikamwambia mbele ya dada yangu kwamba yeye hajui magari. Leo siku ya nne hanisemeshi. Chakula anaweka mezani anaondoka. Je, nilipie? Na nifanyeje ili mke huyu aniunge mkono kwenye maendeleo?*
*Baba wa watatu, Chuda*

Waaleykum salaam, marahaba mwanangu. Pole kwa kula peke yako, siku nne si chache. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma namwona mkeo ana haki.

Tuanze na hilo la gari kulala. Umeliandika kama mtu anayetaja hali ya hewa, kumbe ndilo neno zito kuliko yote uliyoandika. Gari lako halikukalia springi za chuma, limekalia mifuko ya upepo. Mifuko hiyo ni mpira, na mpira huzeeka, hupata nyufa. Usiku upepo unavuja, alfajiri unalikuta gari limeinama. Ukiwasha, pampu inajaza upya, nawe unafurahi kwamba limenyanyuka lenyewe. Pampu ile haikutengenezwa ishinde ikijaza mfuko uliotoboka. Itajaza leo, itajaza kesho, mwisho itaungua, na badala ya kununua mfuko utanunua mfuko na pampu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa rudi kwenye karatasi yako. Ukurasa wa pili wanasema hawatalipia hitilafu iliyokuwepo kabla ya siku ya kusaini. Wewe hujasaini, na gari tayari linalala. Kwa hiyo kitu cha kwanza kitakachokutoa pesa kimeshaondolewa kwenye waranti kabla hujaitoa hiyo milioni nne na laki nane. Mkeo aliliona hilo usiku ule. Wewe ulikuwa umelala.

Na hakuishia hapo, maana mistari ile haijifichi. Breki, betri, bushi, tairi na vyote vya mpira havimo. Kutu haimo, nasi tunaishi pwani, hewa ya chumvi inakula mpaka bawaba za milango. Injini ikichemka ukaendelea kuendesha taa ya joto ikiwaka, hawalipi. Kila dai wewe unatoa laki tano za kwanza, wao hawavuki milioni tatu. Service ni kila kilomita 5,000, kwenye gereji yao Dar es Salaam. Ukimwaga oili mara moja tu kwa fundi wako wa Ngamiani, ahadi imekufa.

Kutoka hapa mpaka Dar, kwa njia ya Segera na Chalinze, ni kama kilomita 350. Giaboksi ikigoma ukiwa Muheza, nani atalibeba gari mpaka kwenye gereji yao? Nimetafuta kwenye karatasi yote, sikuona. Ni wewe, na kulibeba gari zito lile kwenye lori mpaka Dar si nauli ya basi.

Umesema una bima kubwa. Vizuri, usiiache. Ila bima kubwa ni ya ajali, wizi na moto. Injini iliyochoka haiihusu, na hapo muuzaji hakukudanganya. Alichokuacha bila kukwambia ni kwamba kampuni ya bima inasimamiwa na TIRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia bima, ikikudhulumu una mahali pa kupeleka malalamiko. Karatasi uliyonitumia ina muhuri wa duka lake peke yake. Hakuna kampuni ya bima iliyotajwa popote. Ni ahadi ya mtu mmoja mwenye duka, na siku akifunga duka ahadi inaondoka na kufuli. Waranti ya kiwanda nayo usiiwaze: gari la mwaka 2012 muda wake umepita siku nyingi, na hata lingekuwa jipya, waranti ya gari lililouzwa Japani kwa kawaida hailifuati ng'ambo.

Sisemi waranti zote ni utapeli. Gari likiwa bado bichi, muuzaji akawa wakala wa kampuni yenyewe, gereji ikawa karibu nawe, na giaboksi, injini, mifuko ya upepo na vifaa vya umeme vikaandikwa kwa majina kwamba vimo, ningekwambia kaa na mkeo mpige hesabu. Yako haina hata kimoja kati ya hivyo. Usilipe. Na muuzaji anayekwambia mwisho Ijumaa hataki mkeo apate usiku wa pili wa kusoma.

Marehemu mume wangu alikuwa na Peugeot 504 ya abiria, Tanga na Korogwe. Kila jioni, kabla hajanipa pesa ya mboga, alitenga ya spea kwenye kopo la maziwa ya unga, na ufunguo wa sanduku la kopo nilikaa nao mimi. Siku giaboksi ilipokufa pale Hale, hatukukopa kwa mtu. Gawanya hiyo 4,800,000 kwa miezi 24: ni laki mbili kila mwezi. Ziweke pembeni, akaunti isiyoguswa kwa harusi wala msiba. Miaka miwili ikipita salama, pesa bado ni yenu. Isipopita salama, unatengeneza hapahapa, kwa fundi unayemwona akifungua nati. Na kama laki mbili kwa mwezi huna, basi gari hilo si la kwako, hata uliandikie waranti kumi. Liuze lingali linanyanyuka.

Sasa nije kwenye lililokuandikisha barua. Mwanangu, hukuwa unatafuta waranti ya gari. Ulikuwa unatafuta karatasi ya kumnyamazisha mkeo. Gari umelinunua bila kumshirikisha, maana umeandika "nimenunua", na neno "tumenunua" sijaliona mahali popote. Lilipofika na kuanza kulala, uliingiwa na hofu, na badala ya kumwambia "mama watoto, naogopa nimekosea", ukataka yeye huyohuyo alipie hofu yako kwa pesa ya kikoba. Pesa ambayo amechangia wiki baada ya wiki, wewe ukiwa hujui hata wanakutana kwa nani.

Mali ya mke ni ya mke. Dini yetu inasema hivyo, akikupa ni hisani yake. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa haki sawa na mume ya kumiliki mali na kuamua itumikeje. Wanaume wa siku hizi mmezua neno "maendeleo", mnalivika kila mnachokitamani. Gari la kifahari ni maendeleo, bati linalovuja ni uvumilivu wa mke. Napokea barua za namna hii kila mwezi: mume anafanya uamuzi peke yake, deni linafanywa la familia, na mke akiuliza anaitwa mkaidi. Kisha mnashangaa nyumba zimepoa. Hapa Tanga wazee wetu wenye heshima zao walipanda baiskeli mpaka msikitini, na wake zao walijua kila senti iliyoingia ndani. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nalo gari lako si jipya, ila kwako ni jipya, ndiyo maana kidonda hukioni.

Huyo mwanamke hajakuadhibu. Angetaka kukuadhibu angeacha kupika. Amekaa usiku kucha na karatasi ya gari asilolichagua, akitafuta pesa zako zitapotelea wapi, na asubuhi malipo yake yakawa kudhalilishwa mbele ya wifi yake. Kama ni kuungwa mkono, hakuna aliyekuunga mkono kuliko yeye.

Leo mpigie muuzaji umwambie hapana, usimwachie "nitafikiria". Kesho lipeleke gari kwa fundi mwenye mashine ya kusoma magari hayo, akague mifuko na pampu, umwombe pia atazame mabomba ya maji na kama oili inavuja. Bei akuandikie, na karatasi hiyo umpelekee mkeo kabla hujaamua lolote, umwombe aisome kama alivyosoma ile nyingine. Halafu mwite dada yako nyumbani. Ile kauli ya "hajui magari" uliisema mbele yake, basi mbele yake pia useme kwamba mkeo ndiye aliyeisoma karatasi, na wewe ulikuwa hujaisoma.