Jibu: Miaka 5 si mapema, inategemea anafundishwaje

Salaam ndugu. Umesema mwanao ana miaka 5, anashinda na mpira mguuni, na unafikiria kumpeleka kwa kocha aanze mazoezi ya soka, ila mama yake anataka asubiri hadi 8. Wangu wawili walianza kwa umri tofauti, na kwa nilivyoona umri pekee usikusumbue. Angalia kwanza kama anafuata maelekezo mafupi ya mtu mgeni na anakaa bila wewe pembeni. Akilia ukiondoka, subiri kidogo.

Halafu nenda ukatazame mazoezi ya huyo kocha bila mtoto. Wadogo hawa wacheze wachache, wanne kwa wanne hivi, kiwanja kidogo, mpira mdogo wa namba 3, kila mmoja auguse mara nyingi. Ukikuta wamepangwa foleni kusubiri zamu, au kocha anafoka kisa wamefungwa (wapo wengi!), ondoka. Kupiga kichwa wasifundishwe kabisa. Shirikisho la soka la Marekani lilitangaza marufuku hiyo kwa wenye miaka 10 kushuka chini mwaka 2015.

Mashindano ya makombe na msimamo wa ligi ndiyo yasubiri hiyo 8 ya mama yake. Huyo kocha unayemfikiria, umeshamwona akiwa na wadogo?