Kabla hujaiga Eastgate, uliza usiku wa mji wako ukoje

Wasanifu majengo madogo zangu mlioingia ofisini mwaka huu, jana nimeletewa seksheni (mchoro wa jengo kama limekatwa wima) ya tatu mwezi huu, madakti, yaani njia za hewa, ya jengo la Eastgate yamepachikwa kwenye ploti ya Upanga. Nimeumia, ndo maana naandika.

1. Eastgate ya Harare, Zimbabwe, ni jengo zuri mno, msanifu Mick Pearce na wahandisi wa kampuni ya Arup walilimaliza 1996 na linapumua kama kichuguu. Usiku feni zinavuta hewa ya baridi, inapita ndani ya sakafu, zege linapoa, mchana lile zege linapoza ofisi na hewa ya moto inatokea juu kwenye mabomba. Ila Harare iko karibu mita 1,500 juu ya bahari jamani, usiku wao una baridi!

Mimi hilo sikuliuliza. Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, tukapewa ghorofa la ofisi hapa Dar, nikamshawishi bosi tuweke chila (mashine ya kupoza) ndogo na madakti chini ya sakafu, bosi akaniamini, klaienti naye akaniamini. Januari ya kwanza tu simu zikaanza. Nikaenda saa kumi na moja alfajiri, feni zimekesha zinavuta, nikaweka kiganja kwenye slabu ya zege, vuguvugu. Nje kwenyewe joto na unyevu wa bahari, sasa tunapoza na nini? Ile hewa ya usiku ikikutana na siling iliyopozwa mchana inatoa jasho, mpaka mwezi wa tatu jipsamu imeota ukungu mweusi kuzunguka kila grili, dada wa mapokezi anakohoa, wapangaji wametoboa faseidi, ukuta wa nje, kila mtu katundika split (AC) yake. Nilienda kumwomba klaienti radhi mwenyewe. Kile kikohozi sijakisahau.

2. Upande wa magharibi wa jengo, linakopiga jua la alasiri, msiweke kioo kitupu, tafadhali, nimechoka kusema.

3. Wa kuiga yupo, msanifu wa Malaysia Ken Yeang na jengo lake la ofisi Menara Mesiniaga, 1992, karibu na Kuala Lumpur, joto na unyevu kama wetu. Lifti na ngazi kaziweka upande wa jua la asubuhi zikinge ofisi, vivuli viko nje ya kioo, bustani zinapanda zikilizunguka jengo, hata vyooni unapata hewa ya nje.

4. Data ya unyevu wa usiku ombeni TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) kabla ya kuchora. Kaskazi na kusi hata wavuvi wa Feri watawaelekeza.

Na wewe wa Upanga, kesho saa mbili njoo na ile seksheni, tukae wote tuanze na kivuli.