Kabla hujachimba shimo la bayogesi, hesabu ndoo

Nafuga ng'ombe wawili wa maziwa hapa Waithaka, Nairobi, kwenye kiploti ambacho pikapu haiwezi kugeuza. Fundi aliyenijengea mtambo wa bayogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na kinyesi, alinishauri nichukue wa mita 12 za ujazo, eti nitaongeza ng'ombe mbeleni. Ng'ombe hawakuongezeka. Kulijaza shimo lile mara ya kwanza niliomba kinyesi kwa majirani, mkokoteni baada ya mkokoteni, na moto uliotoka ulishindwa na sufuria ya githeri.

Kwa hiyo anza na ndoo. Pima kinyesi unachozoa kila siku kwa wiki nzima. Wangu hunipa kilo 30 hivi, na kilo moja hutoa takriban lita 35 za gesi. Piga hesabu: ni kama saa mbili na nusu za jiko moja. Chai, uji wa mtoto, ugali wa jioni, basi. Maharagwe bado nachemsha kwa makaa. Anayekuahidi kwamba ng'ombe wawili watakuondolea mtungi kabisa anatafuta kazi ya saruji.

Pima na maji pia, maana kila ndoo ya kinyesi inataka ndoo ya maji, na mfereji wetu una siku zake. Mimi natumia tangi la mvua.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Ng'ombe mmoja aliugua kiwele, akadungwa antibiotiki, nami nikaendelea kutumbukiza kinyesi chake shimoni kama kawaida. Siku chache tu, moto ukanywea. Mle ndani kazi inafanywa na bakteria, na dawa haijui bakteria wa kiwele ni wepi na wa mtambo ni wepi. Siku hizi kinyesi cha ng'ombe aliye kwenye dawa naenda kukirundika kando, na maji ya kuoshea zizi yenye dawa hayapiti kule.

Kinyesi na maji nakoroga kwa mkono, glavu hadi kwenye kiwiko, nikichomoa mabua ya nyasi za nepia na vijiwe. Mabua huelea yakafanya ukoko, mawe hutuama chini.

Julai gesi hupungua kwa sababu ya baridi, usimwite fundi. Moto ukirukaruka, fungua koki iliyo sehemu ya chini kabisa ya bomba umwage maji yaliyojikusanya. Ukisikia harufu ya yai viza jikoni, zima, fungua madirisha, kisha paka povu la sabuni kwenye viungio uone linapobubujika.

Tope linalotoka upande wa pili namwagia nepia. Jirani niliyemwomba kinyesi sasa huja Jumamosi na debe lake, na sina uso wa kumnyima.