PDO au maktaba ya kanzidata moja kwa moja?

Kabla ya kuchagua, jibu swali moja: kanzidata itachaguliwa na nani? Kama programu itasakinishwa na wateja kwenye seva zao, huyu ana MySQL na yule PostgreSQL, tumia tabaka kama PDO (PHP Data Objects), linaloiwezesha PHP kuzungumza na kanzidata mbalimbali kwa funksheni zilezile. Kama seva ni yako na umeshaamua PostgreSQL, tumia maktaba yake moja kwa moja. Wengi hujitwisha tabaka kwa kuhofia kuhama kanzidata ambako hakuji.

Na hata ukihama, PDO itakusaidia kidogo tu. Inasawazisha namna ya kuunganisha, kutuma kauli na kusoma matokeo, lakini SQL, yaani lugha ya kauli zenyewe, haikutafsirii. `ON DUPLICATE KEY UPDATE` ya MySQL (ingiza rekodi, au isasishe kama tayari ipo) itagoma PostgreSQL, inayotaka `ON CONFLICT`. Hilo angalau utaliona mara moja. Baya zaidi ni tofauti zisizotoa kosa lolote. `LIKE 'juma%'` kwenye SQLite, kanzidata ndogo ya faili moja, humpata hata Juma wa J kubwa. PostgreSQL haimpati mpaka uandike `ILIKE`. SQLite pia hupokea maandishi kwenye safu (column) ya namba, `INTEGER`, na kwa kawaida haikagui funguo za kigeni (foreign keys, viungo kati ya majedwali) hadi uwashe `PRAGMA foreign_keys = ON` kwa kila muunganisho. Basi tafadhali, majaribio yafanyie kwenye kanzidata ileile utakayoitumia kazini.

Tabaka lenyewe lina mitego. Kwa MySQL, PDO isipoelekezwa vingine hupachika thamani ndani ya kauli huko huko kwenye PHP. Ukipitisha 10 kupitia `execute()`, inachukuliwa kuwa maandishi, na `LIMIT ?` inafika kwenye seva ikiwa `LIMIT '10'`. Unapata kosa 1064, la sintaksia. Tumia `bindValue()` pamoja na `PDO::PARAM_INT`, au zima upachikaji huo kwa `PDO::ATTR_EMULATE_PREPARES`. Kwa PHP iliyo chini ya 8.0, weka pia `PDO::ERRMODE_EXCEPTION` ili makosa yatupwe kama exception, la sivyo kauli ikishindwa hutaarifiwa.

Ukienda moja kwa moja, usitawanye `pg_query_params()`, funksheni ya PHP ya kutuma kauli PostgreSQL, kila ukurasa. Weka SQL yote kwenye folda moja, nyuma ya funksheni zenye majina ya kazi: `tafutaMteja()`, `hifadhiMalipo()`. Zirudishe array za kawaida za PHP, kamwe si matokeo ghafi ya PostgreSQL. Hapo utatumia `COPY` (kuingiza au kutoa data kwa wingi) na `LISTEN` (kusikiliza taarifa za kanzidata) za PostgreSQL bila kuomba ruhusa ya tabaka, na siku ya kuhama utaandika upya folda hiyo tu. Ukihamia MySQL, anza kukagua miamala (transactions) yenye `ALTER TABLE`, kauli ya kubadili muundo wa jedwali: PostgreSQL huweza kuitengua, MySQL huithibitisha papo hapo.