Mkanda wake usikuzibe mdomo: ninavyopima mbinu za kujilinda

Wiki tano baada ya kufunga mkanda mweusi wa karate nilinyang'anywa simu Nkuhungu, mtaani kwangu hapa Dodoma, saa mbili usiku. Umeme ulikuwa umekatika. Walikuwa vijana wawili. Mmoja alinijia kwa mbele kama anayetaka kuuliza njia, mwenzake akatokea ubavuni. Darasani tulizoea kushikwa kifundo cha mkono: aliyekushika anasimama anasubiri, wewe unazungusha mkono unachomoa. Huyu hakugusa kifundo. Alikunja kola ya shati langu kwa mkono mmoja, akanisukuma kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta wa tofali, na mkono wake wa pili ukawa tayari umo mfukoni mwangu. Miaka saba ya mazoezi, na mikono yangu haikujua iende wapi. Nilipiga kelele, nikajivuta, shati likachanika kuanzia kola hadi kifungo cha tatu. Simu ikaenda. Mimi nilibaki mzima, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo.

Pale dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, sikumwambia mtu karibu mwezi mzima. Wa kwanza kumweleza alikuwa mzee mmoja tuliyekuwa tunafanya naye mazoezi, mlinzi wa usiku, mkanda wa kahawia. Kwenye mstari mimi ndiye niliyesimama juu yake, ingawa nje ya dojo namwamkia shikamoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Alikushika wapi?"

"Kwenye kola, mzee."

"Amesimama, au anakusukuma?"

"Ananisukuma."

"Sasa hapa kwetu, nani amewahi kukushika kola huku anakusukuma?"

Nikawapitia wote kichwani, mmoja mmoja. Hakuna.

Wazazi na vijana wengi hapa Dodoma huniuliza swali moja wanapotafuta mahali pa kujifunza kujilinda: mwalimu fulani ana dan ngapi, yaani amefika ngazi ya ngapi ya mkanda mweusi? Naelewa linakotoka. Mji umepanuka, watu wanatoka kazini giza limeshaingia, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanapanga vyumba mbali na chuo, na vibaka wa kupiga roba wapo. Mtu anataka uhakika. Lakini dan haikuwekwa ili itoe uhakika wa namna hiyo.

Hata asili yake haiko kwenye karate. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo pale Kodokan mwaka 1882, ndiye aliyeleta ngazi za dan katika sanaa hizi, akiziazima kwa wachezaji wa go, mchezo wa kete unaopendwa sana Japani. Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, alipeleka karate Tokyo mwaka 1922, na mwaka 1924 akawapa baadhi ya wanafunzi wake dan za kwanza za karate. Hapo pananifikirisha kila mara. Yeye aliyezitoa hakuwa amepewa dan ya karate na mtu yeyote, kwa sababu hazikuwapo. Walimu wake, Itosu na Azato, waliishi na kufa kabla karate haijajua habari za dan. Na ile hadithi tunayosimuliwa, kwamba mkanda mweupe uligeuka mweusi kwa jasho na uchafu wa miaka mingi, ni hadithi tu. Rangi zilipangwa na watu ili kutofautisha madaraja. Neno lenyewe shodan maana yake ni dan ya mwanzo. Wala hakuna chombo kimoja duniani kinachopima mikanda yote: kila chama kina mtihani wake na masharti yake, na dan ya tatu ya hapa inaweza isilingane na dan ya tatu ya pale.

Sisemi mkanda ni kitambaa tu. Mwenye mkanda mweusi wa haki amevumilia, anazijua kata zake (mifululizo ya mapigo na kinga), mwili wake una mizani, na amekaguliwa na waliomtangulia. Nilipopata ujasiri wa kumweleza sensei wangu, yaani mwalimu, habari ya Nkuhungu, hakunikemea. Aliniambia nimkunje kola na kumsukuma. Nikafanya. Akaukamata mkono wangu uliomshika, akauvuta kwenye nyonga yake, na papo hapo mkono wake mwingine ukashuka mbele ya kiwiko changu; nikajikuta nimepiga goti. "Hiyo ni nini?" akauliza. Ilikuwa gedan barai, ile "kinga ya chini" niliyoianza siku ya kwanza nikiwa mkanda mweupe. Miaka yote nilidhani mkono unaorudi kwenye nyonga ni wa kupendezesha umbo. Kumbe ulipaswa kuwa umeshika kitu. Yeye alilijua hilo siku zote, nami sikuwahi kumuuliza. Ujuzi ulikuwepo kwenye cheo chake. Kilichokosekana kati yetu ni swali.

Ndiyo maana jambo la mwaka uliofuata liliniuma zaidi. Mgeni mmoja mwenye dan ya juu, ambaye sitamtaja, alikuja kuendesha semina ya siku mbili. Mchana wa siku ya pili akaonyesha namna ya kumpokonya mtu kisu. Mshambuliaji alipiga hatua moja ndefu kama tunavyofanya oi-zuki, ngumi ya kusonga mbele, akauacha mkono umenyooka, na mgeni akaushika, akaukunja, kisu cha mbao kikaanguka sakafuni. Ilipendeza macho. Nyuma kabisa binti mmoja, nadhani alikuwa mwanafunzi wa chuo, alinyoosha mkono: "Sensei, na kama akiurudisha mkono haraka achome tena?" Mgeni akamtazama, akasema, "Ukifika dan yangu utaelewa." Ukumbi mzima ukaitikia "Osu!" Mimi nilikuwa mmoja wa walioitikia. Binti akakaa chini na hakuuliza tena.

Swali lile lilikuwa ndilo swali lenyewe, na kwa kuwa lilitoka kwa mkanda mweupe tulilifukia. Nilirudi nyumbani halinitoki kichwani. Jumamosi iliyofuata nikamwita yule mzee na vijana wawili kwenye uwanja wa nyumba yangu. Nilikwangua masizi chini ya sufuria la kuni, nikayachanganya na mafuta ya kula kidogo, nikapaka ncha ya mwiko. Nikavaa gi yangu, sare ya karate, kuukuu nyeupe. Kijana nikampa maelekezo mawili tu: choma haraka haraka kama sindano ya cherehani, na mkono wako mwingine unisukume au unishike. Mimi nitumie mbinu ya semina.

Tulirudia mara kumi. Mara tisa masizi yalinifika. Yalikuwa tumboni zaidi, mengine ndani ya kiwiko, kwenye kiganja, na mara mbili kando ya shingo, pale unapoweza kusikia mapigo ya moyo kwa kidole. Ile mara moja niliyokwepa ni kwa sababu nilikimbia nikazunguka tenki la maji. Mke wangu alitoka kuangalia kelele za nini, akaniona nilivyo, akanyamaza, akarudi ndani.

Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha mbinu ya kisu naanza kwa kuuliza mshambuliaji anafanya nini, na nani alimkataza kuendelea. Nauliza umbali pia. Mwaka 1983 askari polisi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu huweza kuvuka futi 21, yaani kama mita 6.4, kwa takriban sekunde moja na nusu. Yeye alikuwa akiwafikiria askari wenye bastola kiunoni. Nimepima mita hizo pale nyumbani: ni kutoka geti mpaka mlango wa jiko. Sasa fikiria kibaka aliyesimama urefu wa mkono kutoka kwako. Katika majaribio yetu, vilivyopunguza masizi ni kigoda kilichoshikwa mbele ya kifua, begi la mgongoni likitumika kama ngao, na miguu iliyoondoka mapema. Kuukumbatia mkono wenye mwiko kwa mikono yote miwili na kutouachia kulisaidia mara chache, kwa gharama ya masizi mengi. Simu mpe. Nasema hivi nikiwa na mkanda mweusi kabatini.

Hapa nisije nikaeleweka kwamba uzoefu wa mtaani ndio usemi wa mwisho. Nao una mitego yake, na mtego mkubwa ni kwamba mwenye uzoefu husimulia tukio moja kama kanuni. Yule mzee wangu, ninayemheshimu kuliko wengi wenye vyeti, alikuwa na imani kubwa na ngwala. Miaka ya nyuma, akilinda geti la baa moja, alimwangusha jamaa aliyemkaba, na tangu hapo kila mbinu akaiona si kitu mbele ya ngwala yake. Basi tukamleta kijana anayebeba magunia Soko la Majengo, mtu mwenye miguu kama nguzo, tukamwambia amkabe mzee sawasawa. Mzee akapiga ngwala mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kijana hakutikisika. Mzee akakaa kwenye kigoda, akajifuta jasho, akafikiri kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Kumbe yule wa baa alikuwa amelewa."

Nilimpenda sana kwa sentensi ile. Mgeni wa semina alikuwa na dan nyingi na hakuweza kuisema.

Kwa hiyo mtu akikwambia ana miaka ishirini ya uzoefu, uliza ni uzoefu wa nini. Mlinzi amezoea geti, watu anaowaona wakija, na taa. Bingwa wa kumite, mapambano ya mashindano, amezoea mwamuzi na mpinzani mmoja wa uzito wake. Askari amezoea kuwa na wenzake. Kila mmoja ana kitu cha kukufundisha kuhusu mazingira aliyoyaishi, na huenda akawa mgeni kabisa kwenye ngazi za hosteli yako saa nne usiku. Miaka ishirini inaweza pia kuwa mwaka mmoja uliorudiwa mara ishirini, na hilo humpata hata mwenye mkanda.

Kwa mzazi anayemtafutia binti yake dojo, ushauri wangu ni huu. Nenda ukakae pembeni siku mbili tatu kabla ya kulipa chochote. Vyeti vya ukutani vipo, vitazame. Halafu mtazame anayeshikwa: je, aliyemshika anang'ang'ania kweli, au anaanguka kabla hajasukumwa? Kuna siku watu wanavaa nguo za kawaida, gauni, viatu vya kutembelea, na kujaribu hivyo? Msikilize mkanda mweupe akiuliza, uone mwalimu anajibu kwa mwili, anajibu "sijui, tujaribu", au anajibu kwa cheo. Kwangu hilo la mwisho linatosha kumrudisha mtoto nyumbani. Uliza pia kama wanafundisha kuondoka. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya mtu kujitetea, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Mwalimu anayefundisha kuvunja shingo ya kila kibaka anamwandalia mwanafunzi wake kesi.

Na kuna jambo la kelele, ambalo sikulijua mpaka niliposhuhudia matokeo yake. Usiku ule nilipiga ukunga wa "Mwizi!", kama wengi wetu tungefanya. Miezi kadhaa baadaye, mtaa mwingine, nilikuta kijana yuko chini, amezungukwa na wananchi wenye hasira, matofali mikononi. Alikuwa ameitiwa neno hilo hilo. Tulimwokoa kwa shida, watu wanne tukiwa tumemzingira kwa migongo yetu mpaka polisi walipofika. Siku hizi wanafunzi wangu nawazoesha kupaza sauti "Niache!" na "Jamani nisaidieni!" Watu wanatoka vile vile, na hakuna anayeuawa kwa ajili ya simu. Tunaifanyia mazoezi sauti kama tunavyofanyia ngumi, kwa sababu usipoizoesha, koo nalo hukauka kama mikono yangu ilivyokauka Nkuhungu.

Yule binti wa semina sikumwona tena. Kama unasoma hapa, dada yangu: ulikuwa umeuliza sawasawa, na mimi niliyekuwa nimekaa mistari mitatu mbele yako na mkanda mweusi kiunoni nilipaswa kusimama na kusema tujaribu. Nisamehe. Jumamosi saa kumi jioni tunakuwa uwanjani kwangu, yule mzee naye yupo. Njoo na nguo usiyoionea huruma, maana masizi yenye mafuta hayatoki kwa sabuni ya kawaida.