Usizime fayawoli, usimpe Everyone ruhusa: anza na namba ya IP (nimepoteza picha za harusi za watu kwa kosa hili)

Mkuu, usiguse kitu. Iache hiyo kompyuta ya sebuleni kama ilivyo mpaka umalize kusoma hapa.

Umeandika kwamba laptopu yako mpya ya Windows 11 haiioni kompyuta ya sebuleni kwa jina, ya mkeo inaifikia lakini inadai jina na neno la siri hata mkiandika yaliyo sahihi, printa nayo inapotea-potea, na unauliza kama ununue ruta nyingine. Ukamalizia kwamba usiku huu unazima fayawoli (mlinzi wa kompyuta dhidi ya mtandao), unawasha SMB 1 (njia ya zamani ya kompyuta kushea mafaili), unaondoa neno la siri kwenye kushea na kumpa Everyone, yaani mtu yeyote, ruhusa zote, kwa sababu umeiona kwenye video. Diski ya akiba, umesema, imechomekwa nyuma ya kompyuta hiyo hiyo. Nimesoma mara mbili mikono inatetemeka. Hayo manne nimeyafanya yote, kwa mpangilio huo huo.

Mimi ni mpiga picha za harusi, Morogoro. Kompyuta kubwa iko sebuleni, tumeipa jina STUDIO. Ina diski ya kazi ndani na diski ya nje ya akiba, ambayo wakati ule haikuwa ikichomolewa. Mimi nahariri chumbani kwa laptopu, mke wangu anapanga albamu kwa ya kwake. Siku moja umeme ukakatika kutwa nzima. Uliporudi jioni, laptopu yangu nikiandika \\STUDIO inaleta kosa 0x80070035, yaani njia haijapatikana. Ya mke wangu ilikuwa mpya, ndiyo kwanza tunaiunganisha. Yenyewe ilifika vizuri, ila ikaleta kisanduku cha jina na neno la siri. Tunaandika, kinarudi. Tunaandika tena, kinarudi.

Hapo ndipo nilipopotea, na wewe uko hapo hapo sasa hivi. Niliona laptopu mbili zinakataa kompyuta moja, nikaamini ni ugonjwa mmoja. Kumbe yalikuwa magonjwa mawili yasiyojuana.

La kwangu lilikuwa jina. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimeandika kwenye faili la hosts la laptopu yangu (orodha ya majina na namba zake, liko C:\Windows\System32\drivers\etc) kwamba STUDIO ni 192.168.1.5, yaani namba yake ya IP, anwani ya kifaa kwenye mtandao, nikasahau. Windows hulisoma faili hilo kabla ya kumuuliza mtu mwingine yeyote, na ikikuta jibu humo haihangaiki tena. Sasa ruta za nyumbani hugawa namba kwa kukodisha. Yetu ilipokosa umeme ikapoteza kumbukumbu ya nani alikuwa na namba ipi. Televisheni ikawahi kuwaka ikapewa 192.168.1.5, STUDIO ikaamka baadaye ikapata nyingine. Laptopu yangu ilikuwa inaiita televisheni na kuiomba folda za picha. Lazima iseme njia haijapatikana.

La mke wangu lilikuwa utambulisho. Akaunti ya STUDIO haikuwa na neno la siri kabisa, maana iko nyumbani, nani ataiba? Windows kwa kawaida yake hairuhusu akaunti isiyo na neno la siri kuingia kupitia mtandao. Inaruhusu ukiwa umekaa mbele ya kompyuta yenyewe tu. Kwa hiyo kile kisanduku kingerudi hata tungeandika mpaka asubuhi.

Mambo mawili madogo. Dakika kumi kila moja. Lakini sikuyajua, nikafungua video.

Nina hasira na yule jamaa wa video mpaka leo na sifichi. Dakika nne nzima haulizi hata mara moja kosa lako ni namba ngapi. Haulizi kama umejaribu kwa IP. Anakwenda moja kwa moja: zima hiki, washa hiki, bonyeza Everyone, bonyeza Full Control, asanteni kwa kutazama. Hasemi ukimaliza kujaribu urudishe. Hasemi unachofungua ni nini. Chini yake watu mamia wanamshukuru, na mimi nikasema watu wote hawa hawawezi kukosea. Kesho yake nikamwita na fundi wa mtaani, akachukua elfu ishirini, akarudia yale yale kwa haraka zaidi, akaongeza kushea diski nzima ya kazi na ile ya akiba "ili usisumbuke tena".

Neno la siri la kushea lilipozimwa, laptopu ya mke wangu ikaingia papo hapo. Yangu ikakataa bado. Tukazima fayawoli, ikakataa. Tukawasha SMB 1 kwenye kompyuta zote, ikakataa. Usiku umeme ukakatika tena kidogo, uliporudi televisheni ilikuwa imezimwa, STUDIO ikapata 192.168.1.5 yake ya zamani, na laptopu yangu ikafungua. Nikafurahi, nikaamini dawa imefanya kazi! Dawa haikufanya chochote. Ni namba tu ilirudi mahali pake, na milango yote minne ikabaki wazi.

Wiki tatu baadaye mpwa wangu akaja likizo na laptopu yake. Alikuwa amepakua programu ya kuhariri video ya wizi, yenye kirusi kile kinachofunga mafaili na kudai pesa. Simlaumu, ni mtoto. Akaunganisha Wi-Fi, akalala. Kirusi hakikuhitaji kuvunja kitu. Kilikuta folda zimeandikwa kila mtu aingie, kila mtu abadilishe, kila mtu afute. Asubuhi mke wangu akaniamsha kwamba albamu hazifunguki. Kila picha ina mkia wa herufi za ajabu mwishoni mwa jina, na kila folda ina karatasi moja ya maandishi inayotaka malipo. Nikakimbilia diski ya akiba. Nayo hivyo hivyo, kwa sababu ilikuwa imechomekwa na imeshewa.

Miaka miwili ya kazi. Nilirudisha shilingi 850,000 kwa familia moja ambayo send-off na harusi yao nilikuwa sijawakabidhi. Pesa nilizipata tena. Ila kwenye harusi ile bibi yake bwana harusi alicheza. Alikuwa mgonjwa, akainuka kwenye kiti akacheza, ukumbi mzima ukasimama. Alifariki mwezi uliofuata. Familia ikaja kuniomba picha zile kwa ajili ya msiba, na nilikuwa nazo mbili tu, nilizokuwa nimetuma WhatsApp siku ya harusi, ndogo, zimefifia. Mama wa familia ile hakunifokea. Alishika simu yangu akaangalia zile mbili muda mrefu, akaniuliza, "Basi, mwanangu, ndizo hizi?" Ndiyo maana nakuandikia saa hizi badala ya kulala.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaisema mpaka unichoke: namba kwanza, jina la pili, ruhusa mwisho kabisa. Usibadilishe mpangilio wowote wa usalama kabla hujajua kama kinachoumwa ni jina au utambulisho.

Nenda kwenye kompyuta ya sebuleni, fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt), andika ipconfig /all, chukua namba yake ya IPv4, yaani ile ya IP, na ile anwani halisi (Physical Address) ya kadi yake ya mtandao. Rudi kwenye laptopu, kwenye dirisha la mafaili usiandike jina, andika \\ na namba. Ikifunguka, au ikileta kisanduku cha neno la siri, njia ni nzima, na kama kwa jina ilikataa kufika, mwenye tatizo ni jina. Kwenye dirisha jeusi andika ping -4 STUDIO (weka jina la kwako) utazame ile namba inayotokea kwenye mabano. Hata ping isipojibiwa, namba hiyo ndiyo unayoitaka, inakuonyesha jina linampeleka nani. Siyo ya kompyuta yako? Andika arp -a ulinganishe anwani halisi, utamwona mwizi wa namba. Mimi ningeona televisheni jioni ile ile.

Tahadhari moja hapa, kwa sababu kwenye majibu mengine hapa kuna mtu kakwambia utumie nslookup, amri ya kuuliza jina lina namba gani. Nslookup humuuliza sava ya DNS (kitabu cha majina cha mtandao) peke yake. Haisomi faili la hosts, wala haisikii kompyuta zinavyoitana zenyewe humo ndani. Inaweza kukwambia jina halipo wakati jina linafanya kazi vizuri kabisa. Na kama umeweka 8.8.8.8 kwa mkono, hiyo ni sava ya Google, haijui kompyuta ya sebuleni kwako inaitwaje.

Ukikuta ni jina, futa mstari wa zamani kwenye hosts, ingia kwenye ruta uifungie kompyuta namba yake ya kudumu kwa kutumia ile anwani halisi, kisha ipconfig /flushdns. Hakikisha mtandao wa nyumbani umewekwa kuwa wa faragha, siyo wa umma, kwenye kila kompyuta. Ukiwa wa umma, fayawoli huzificha kompyuta zisionane, na hilo ndilo huwafanya watu waizime yote wakati kilichohitajika ni kubadili chaguo moja.

Ikiwa namba inafika lakini kisanduku kinarudi, achana na majina, hapo ni utambulisho. Andika net use \\namba\folda kwenye dirisha jeusi, ikupe namba ya kosa. 1326 ni jina au neno la siri si sahihi. 1327 ni akaunti imewekewa kizuizi, mara nyingi kwa kukosa neno la siri, kama yangu. 1219 ni laptopu tayari imeshikilia muunganisho kwa jina jingine. Ukate kwa net use * /delete. 5 maana yake umetambuliwa ila folda yenyewe hujaruhusiwa. Na ile PIN ya tarakimu nne unayofungulia kompyuta haivuki mtandao, usiiandike kwenye kisanduku. Angalia pia kwa cmdkey /list kama laptopu ya mkeo imehifadhi neno la siri la zamani na inalipeleka kimyakimya.

Fungua akaunti mpya kwenye kompyuta ya sebuleni, ya kazi hiyo tu, yenye neno la siri. Kwenye kisanduku andika jina la kompyuta, mkwaju wa kurudi nyuma, jina la akaunti: STUDIO\picha. Mpe akaunti hiyo folda moja. Siyo diski nzima.

Kuhusu SMB 1, hiyo ndiyo itifaki ya zamani ambayo kirusi cha WannaCry kilipitia tundu lake Mei 2017, miezi miwili baada ya Microsoft kutoa kiraka cha kuliziba. Mwaka ule ule wakaanza kuiondoa kwenye Windows 10 mpya. Dirisha la Network linaweza kuonekana tupu bila yenyewe, ndiyo maana wanakwambia uiwashe, lakini dirisha tupu halizuii folda kufunguka ukiandika anwani. Na Windows 11 yako, kama ni Pro ya toleo la 24H2, inakataa wageni wasio na neno la siri kwa sababu kila muunganisho lazima utiwe saini, na mgeni hana ufunguo wa kutia saini. Watu wanakupa amri za kuulegeza ukaguzi huo. Weka akaunti yenye neno la siri, hutahitaji hata moja.

Niandikie hapa vitu viwili: namba iliyotoka kwenye ping -4, na namba ya kosa la net use. Nipo macho. Lakini kabla hujajibu, nyanyuka, nenda sebuleni, chomoa hiyo diski ya akiba uiweke kabatini.