Faili la MP4 linalokwama kompyutani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninapiga video za harusi kwa kamera ya Sony A7S III. Faili zake za MP4 hukwamakwama kwenye kompyuta yangu, ilhali MP4 za simu hucheza vizuri. Je, kamera imeharibika? – Mpiga video, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, kamera yako ni nzima. MP4 ni mfuko tu. Kinachoamua kama picha itacheza ni kodeki, yaani njia ya kubana na kufungua picha, iliyomo ndani yake, pamoja na namna rangi zilivyohifadhiwa. Ukichagua XAVC HS, mojawapo ya miundo ya kurekodi ya Sony, kamera hiyo hubana picha kwa kodeki ya H.265 ya biti 10 (yenye ngazi nyingi za rangi), na ukiweka 4:2:2, inayohifadhi taarifa nyingi zaidi za rangi, mzigo huwa mzito zaidi kuliko 4:2:0 ambayo simu nyingi hutumia. Kompyuta za Apple zenye chipu ya M1 zina sehemu maalumu ya kuifungua picha hiyo ya H.265 ya 4:2:2, lakini kadi za michoro za NVIDIA zilizotangulia mfululizo wa RTX 50 hazina, hata zile za bei kubwa, jambo linalowaudhi wengi waliozinunua kwa ajili ya kuhariri. Hapo kazi yote huiangukia prosesa, na picha hukwama.

Kabla ya kufikiria kompyuta mpya, tengeneza nakala nyepesi za kuhariria, za kodeki ya ProRes Proxy, ndani ya programu ya kuhariri, kisha utoe kazi ya mwisho kutoka faili halisi. XAVC S-I, muundo mwingine wa kurekodi wa kamera hiyo, nayo huharirika kwa urahisi kwa kuwa kila fremu hujitegemea, ingawa hujaza kadi ya kumbukumbu upesi. Mteja mpe faili la kodeki ya H.264 ya biti 8, 4:2:0, ambalo ni jepesi kuchezwa.